Hatarajiwi na Nani?

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali, Ndugu madaktari na wauguzi, wageni waalikwa, na ninyi wagonjwa wetu mliokubali kusukumwa hadi ukumbini: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mshereheshaji amenipa dakika tano, na kwa kuwa ananijua, ameketi karibu na swichi ya kipaza sauti.

Ninastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watu kutembea mara ya pili. Sikuja kuaga tu. Nimekuja kukiri kosa na kudai jambo.

Utaratibu wetu mnaujua. Mgonjwa wa kiharusi akishaingizwa mrija pajani, donge la damu likavutwa kutoka kwenye mshipa wa ubongo, tunampa alama za ukali wa kiharusi siku hiyohiyo, tunaangalia umri na sukari, kisha tunaandika atakavyokuwa baada ya siku tisini. Nafasi za mazoezi ni chache, hivyo anayetarajiwa kutembea huja kwangu, na asiyetarajiwa hubaki kitandani akigeuzwageuzwa asipate vidonda. Je, ni wangapi walitimiza utabiri wetu kwa sababu tu tuliwatabiria?

Miaka miwili iliyopita aliletwa fundi viatu, upande wa kulia wote umelala. Donge lilitoka zima, lakini alama zake zilikuwa mbaya. Kwenye fomu paliandikwa: "Kutembea: hatarajiwi." Dada yake, mwanamke mfupi asiye na haraka, aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Hatarajiwi na nani?"

Nikamweleza habari za alama na umri. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akarudia swali lake. Ndugu zangu, lugha yetu ina mahali pa kumficha mtenda, na mimi nilikuwa nimejificha humo, kwani mwandiko ule ulikuwa wangu. Nikamjibu, "Na mimi, dada."

"Basi tumelingana, mmoja kwa mmoja," akasema. "Mimi namtarajia. Nionyeshe namna ya kumsimamisha."

Nilimwonyesha, shingo upande. Kesho yake nikampima upya, na ule mguu uliolala ukanisukuma kiganja. Tungengoja siku moja tu, nisingeandika lile neno.

Sisemi tutupe alama; bila hizo tutakuwa wapiga ramli. Wala dada hakuleta muujiza: mkono wa kulia haujarudi, fundi anashona kwa kushoto, na wateja wake wananung'unika. Lakini anakwenda kibandani kwa miguu yake.

Wiki iliyopita nilifungua makabati. Kabla ya fundi yule niliandika "hatarajiwi" mara mia moja arobaini na mbili, na hao hawakuwa na dada wa kuniuliza. Inaniuma, na itaendelea kuniuma.

Mheshimiwa, fomu mpya iko mezani mbele yako. Inataka mgonjwa apimwe tena baada ya siku nzima, na anayetabiri aandike jina lake. Imesubiri sahihi yako miezi mitano. Zawadi niliyoandaliwa mpeni mwingine. Yangu ni sahihi hiyo.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Kalamu hii hapa, Mheshimiwa, na mimi siketi.