Rufus Mutua, Aliyejenga kwa Mbao

Mama na wote mlio nasi kwa simu kutoka Kangundo, Shemeji Jerusha, na sisi kumi tulioruhusiwa humu ndani, mimi ndiye kitindamimba, niliacha shule kidato cha pili, na nimepewa kusoma kwa sababu waliosoma wote wameshindwa na machozi, basi tulieni msikie sauti.

Rufus Mutua alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, Kangundo, akasoma shule ya msingi papo hapo, sekondari Machakos, kisha usanifu majengo Nairobi hadi 2006, akinisomea na sehemu yangu.

Alikuja Sydney mwaka 2009, na Februari 2014 akaajiriwa na kampuni ya wasanifu kutoka Denmark, wakati huo watu wanne juu ya duka la mikate, yeye wa tano, wakakua hadi sitini, kwa kushikilia jambo moja, kwamba nyumba isiichoshe dunia, ipate upepo kabla ya AC, itumie maji ya mvua, isimame kwa mbao badala ya saruji. Lile jengo lao la mbao la ghorofa sita Parramatta, ngazi ni mkono wake, na mimi dereva wa forklift ya kupakia mizigo ghalani Fairfield nimewaambia wasichana wengi kwamba ni mkono wangu.

Alimwoa Jerusha, muuguzi, tarehe 17 Desemba 2011, wakaishi Doonside, wakabarikiwa binti, Mutanu, tarehe 4 Juni 2013, anayeelewa Kiswahili chote na kutujibu kwa Kiingereza, Mutanu, don't look at me like that.

Mama pekee hakushangazwa na jengo, alipoona picha aliuliza kama mtu huvuka bahari akajifunze kujenga banda la kuku, na kila Rufus alipoomba amjengee nyumba ya mbao, alijibiwa kwamba mjane wa fundi wa mawe halali ndani ya sanduku. Walibishana miaka mitano, hadi Krismasi ya 2020, mipaka imefungwa kwa sababu ya korona, Mama akapiga simu mwenyewe, akasema haya, njoo ujenge chumba kimoja kando ya nyumba yangu, ulale wewe humo, mimi nikutazame ukiliwa na mchwa. Rufus alikichora siku ile ile, dirisha likielekea jikoni kwa Mama.

Februari 2021 alipatikana na saratani ya kongosho, akawa anauliza kila wiki kama ndege zimefunguliwa, hadi tarehe 11 Agosti alipotutoka, Jerusha akiwa kando yake, mimi nje kwenye maegesho, maana aliruhusiwa mtu mmoja tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Doonside walioacha chakula mlangoni, na wenzake wa kazini waliohangaikia safari yake.

Mama, kwetu mtu hasafirishwi peke yake, hilo najua bila shule, lakini mimi na Jerusha tuliomba serikali ya huku kibali cha kutoka nchini na jibu halijafika, kwa hiyo Ijumaa anapanda ndege ya mizigo bila hata mmoja wetu, na chumba chake hakijajengwa. Mlaze kwako usiku mmoja, umkaripie kidogo kuhusu mbao, aliitamani sana sauti hiyo, nami pia.

Kaka, umetangulia nyumbani, pumzika huko kwa amani.