Jaketi la Boti Mpya

Kinyozi, ambaye hulipwa kunyoa lakini husikiliza bure, alijifanya anasinzia kwenye kiti cha nyuma cha basi. Mbele yake mwanamume aliyepakata jaketi la kuokolea majini alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua habari za boti ya uvuvi aliyonunua na shemeji yake. Injini imeshafungwa, taa na viti viwili vimeshawekwa, boti iko juu ya tela inangoja Jumamosi.

"Na jaketi moja tu?" mama akauliza.

"Ndivyo shemeji alivyoniagiza. Hata saizi kaniambia yeye."

"Wewe unajua kuogelea?"

"Mimi? Hata beseni naliogopa. Naye ni vivyo hivyo."

"Hebu lijaribu, mwanangu."

Akalivaa. Mabega yakapotelea humo ndani. Kinyozi akafumbua macho.

"Huyo shemeji yako ni mnene?" mama akauliza.

Basi likasimama. Mwanamume akashuka bila kuaga, na jaketi hakulivua.