Mama Kaluki, Matroni wa Naserian, na Mgeni Wake

Wapendwa waombolezaji, familia imeomba isomwe mbele yenu historia fupi ya Mama Josephine Kaluki Kyule, ingawa yeye mwenyewe angekuwa ameshasimama kwenda kuangalia kama lango limefungwa.

Marehemu alizaliwa hapa Kimana tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Maweu na Mama Mbeke, wakulima wa vitunguu, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, akafunga ndoa na Bwana Kyule mwaka 1969, na alipofiwa naye mwaka 1985 akapika katika shule moja ya bweni Loitokitok, hadi Januari 1990, chuo kikuu kilipofungua hosteli ya wasichana ya Naserian kule Kitengela, naye akakabidhiwa wasichana arobaini na wanane, bomba moja la maji ya chumvi, na daftari la wageni lenye safu ya kuingia na safu ya kutoka.

Kuhusu watoto, Mungu hakumjalia wa kumzaa. Lakini tarehe 9 Mei 1992 Wilkister Akoth, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alirudi kutoka likizo amebeba binti wa wiki tatu, na sheria ya chuo ilisema mwenye mtoto anapoteza kitanda, na kwa msichana wa kutoka mbali kama Akoth kupoteza kitanda kulikuwa kupoteza masomo, basi Mama akavuta daftari akaandika kwamba mgeni ni Valerie, anamtembelea mama yake, ameingia saa nne asubuhi. Safu ya kutoka akaiacha wazi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alizifunga nguo zake nzuri ndani ya sanduku la bati, tayari kwa kufutwa kazi, chai ikawa inapoa mkononi akichungulia ni nani yuko langoni, nao wasichana wakajifunza kuanika nepi katikati ya taulo zao na kuimba pambio kila mtoto alipolia, mpaka majirani wakadhani Naserian kumefunguliwa kanisa. Bi. Parmuat, mkuu wa wanafunzi, alipokuja kukagua na kuuliza mgeni huyu anaondoka lini, alijibiwa kwamba hajamaliza maziwa, akalitazama daftari kwa muda, akatia sahihi, akaenda zake, na hata hivyo Mama hakuamini, akasema wakubwa huwa wanarudi.

Akoth alihitimu Novemba 1994, akapanga nyumba karibu na hosteli, na mgeni akaendelea kushinda kwa Mama hadi Mama alipostaafu Desemba 2006, akaondoka na sanduku lile lile, bado limefungwa.

Kisukari kilimwanza mwaka 2007, akalazwa Kajiado tarehe 2 Agosti 2009, akiwahangaisha wauguzi kwa kushuka kitandani kwenda kuchungulia mlangoni, akaaga dunia tarehe 19 Agosti, saa tatu asubuhi.

Sanduku lilipofunguliwa ili itafutwe nguo ya kumzika, chini kabisa lilipatikana daftari la mwaka 1992, na safu ile ingali wazi. Mgeni mwenyewe, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, ndiye anayewasomea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kitengela, Bi. Parmuat na wenzake wa chuo, na wasichana wa Naserian waliofika leo na watoto wao bila kuwaficha.

Keti sasa, Mama. Lango limefungwa, sote tumo ndani, na mgeni wako hajatoka. Pumzika kwa amani.