Jumapili Matanuri Yalipozimwa

Benchi la nje ya duka la ushirika la kijiji cha Hvidmose halikosi wenyewe. Asubuhi hiyo ya Jumapili lilikuwa jeupe kwa barafu, lakini Vagn, anayeitwa Moshi kwa vile jiko lake la kuni hufuka kuliko yote mtaani, na Egon, aliyejipa uprofesa mwenyewe, walikwisha kulikalia, chupa ya kahawa katikati yao. Tove alifika wa tatu, roho juu. Yeye ndiye mwenyekiti wa ushirika wa joto. Ndiye aliyewabembeleza wanachama mpaka wakakubali joto linalopotea kwenye matanuri ya kiwanda cha mikate lichemshe maji, na maji yapite chini ya ardhi hadi nyumba arobaini mpya za ng'ambo ya reli. Sasa, Jumapili kiwanda hakioki. Na hii ndiyo Jumapili ya kwanza ya baridi kali. Nyumba zikipoa, Tove anang'atuka. Aliahidi mwenyewe mbele ya mkutano mkuu.

— Mama mwenyekiti, karibu, alisema Moshi. Umekuja kutuaga?

— Mimina kahawa, acha maneno. Kuna tangi. Tumelijaza maji ya moto tangu Ijumaa.

— Tangi. Kwangu chai hupoa kabla sijaona sukari.

— Chai yako haikuvalishwa koti nene kama ukuta wa kanisa.

Profesa akakohoa, kama afanyavyo kabla ya kutunga elimu.

— Tatizo si baridi, ni harufu. Maji yale yamelala na mikate. Mwezi mmoja tu, panya wa wilaya nzima watahamia kule.

— Panya wana nafuu, alisema Moshi. Mtu akilala karibu na bomba lile ananenepa. Linapitia kwenye ngozi. Shemeji yangu alifanya kazi kiwandani, mnamwona alivyo.

— Shemeji yako alikuwa anakula mikate, Vagn, alisema Tove.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka tuamini.

— Na waokaji wakigoma? aliuliza Profesa. Serikali itaanguka kwa ajili ya maandazi.

Tove alicheka, ila macho yalikuwa relini. Tangu alfajiri hajamwona mtu wa kule. Labda wote wamejifunika mablanketi, wanamwandikia barua ya kumtaka ang'atuke.

Ndipo akatokea mwanamke akisukuma kigari cha mtoto, mikono wazi mpaka kwenye mabega, miguuni ndala. Akakiacha kigari nje ya duka, mtoto amelala fofofo ndani ya mablanketi, kama wafanyavyo wazazi wote wa hapa hata wakati wa baridi.

— Hamjambo. Mimi Ronja, namba kumi na saba.

Tove hakuweza kusubiri.

— Nyumbani kukoje?

— Tumelala dirisha wazi. Mume wangu anakaanga mayai akiwa na kaptura tu. Mimi koti nimelikumbuka nilipofika relini.

Moshi akavuta kola hadi masikioni. Ronja akaziangalia skafu mbili za Profesa, kisha mtaa, kila paa likifuka moshi.

— Samahani wazee, bomba si linapita hapa hapa? Mbona nyinyi hamkuunganishwa?

Mtaa huu wa zamani, wa kina Moshi, ndio ulioulizwa kwanza kama unataka bomba. Ulipiga kura ya hapana, mikono juu, kisha ukala soseji za mkutano ukaenda kulala.

Moshi akamtazama Profesa. Profesa akatazama mawingu. Tove akanyoosha miguu, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

— Mjibuni mgeni, alisema. Tusionekane hatuna adabu.