Fundi Sikiliza, Aliyefungua Maji Kabla ya Kisu

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, mkereza vyuma mliyemwita Fundi Sikiliza. Mimi ni mdogo wake wa pekee. Sauti ikinikatika, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa mwashi na mfua nguo wa hospitali. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, na mwaka 1974 akajiunga na chuo cha ufundi kujifunza mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge. Huko alinoa kisu cha mashine mpaka kikashika moto sana, akakichovya kwenye maji baridi ili awahi kazi. Kikapata ufa mwembamba asiouona. Alipokikandamiza kwenye chuma kigumu kilikatika, na kipande kikamchana kidevu. Lile kovu mnalijua wote. Tangu siku hiyo alifungua maji ya kupoozea kabla kisu hakijagusa chuma, wala hakukichovya tena kisu chenye moto kwenye maji baridi. "Kisu kinauawa na moto, mzigo na haraka zako," alisema.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya reli, na mwaka 1994 akafungua ya kwake nyuma ya nyumba. Alitega sikio kwenye mashine na kutazama chenga za chuma zinavyotoka. Zikianza kugeuka buluu, alijua joto limezidi, akapunguza mwendo. Mteja aliyemharakisha aliambiwa, "Sikiliza kwanza," na jina likamganda.

Mwaka 1982 fundi cherehani wa jirani alimwita amtazamie cherehani iliyokuwa ikipiga kelele. Kaka akalaza sikio juu ya cherehani.

"Wewe kaka, umekuja kutengeneza au kulala?"

"Nasikiliza, dada."

Fundi huyo, ambaye leo ni wifi yangu, anasema kaka alirudi kuisikiliza cherehani ile hata ilipokuwa nzima kabisa. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2021 daktari alimwambia moyo wake umechoka, apunguze kazi. Hapo Sikiliza akatia pamba masikioni. Chuma alikihurumia, mwili wake hakuuhurumia. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Binti yake, aliyemfundisha ufundi wote, hakuwahi kuachiwa mkato wa mwisho wa kazi yoyote, ule unaokifikisha chuma kwenye kipimo chake. Kila alipoomba, baba alisema, "Bado, mwanangu."

Mwezi uliopita pampu ya kisima cha mtaa ilikufa, naye akaanza kukereza shafti mpya, ule mhimili unaoizungusha pampu. Alikuwa akitweta, jasho linamtiririka, mkono mmoja kifuani. Binti akasimama mbele yake.

"Baba, chenga zimeshakuwa za buluu."

Akainama haraka kutazama kwenye trei. Zilikuwa nyeupe, hazina neno. Alipoinua macho akamkuta mwanawe analia, ndipo akaelewa ni nani anayesemwa. Akazima mashine mwenyewe, akafuta mikono, akamvisha binti miwani yake ya kazi. Tukampeleka hospitali jioni ile ile.

Tarehe 9 Juni binti alipiga simu kutoka karakana, akiwa tayari kwa mkato wa mwisho wa ile shafti, nami nikamshikia kaka simu sikioni pale kitandani hospitali. Hakuuliza habari za mtu yeyote.

"Umefungua maji kwanza?"

"Nimefungua, baba."

"Haya, iweke simu karibu na mashine."

Alisikiliza mkato wote, macho ameyafumba. Mashine iliposimama alisema, "Safi." Alfajiri ya tarehe 10 Juni 2024 alitutoka, na mimi nilikuwa bado nimeishika ile simu.

Ameacha mjane, binti mkereza vyuma, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu wanne, na mimi ambaye sina tena wa kumwita kaka.

Shafti imeshafungwa. Maji mliyonawa asubuhi ya leo yamevutwa na pampu ile. Pumzika kwa amani, kaka.