Sahani ya Ingrid

Tangu kivuko kiache Pangani, mzee mmoja muuza nazi alikuwa akimgombeza Consolata, mlezi wa kituo cha watoto yatima, kana kwamba wanajuana. "Wageni wa kujitolea msiwapokee, mwanangu. Mwezi mmoja wanawabeba watoto, kisha hao, wanapanda ndege."

"Mwezi huo watoto walicheka, baba. Ila Hafsa wetu, ana miaka minne, bado anamwekea Ingrid, mgeni aliyeondoka, sahani ya wali kila jioni. Asubuhi akiikuta tupu, anafurahi."

"Nani anaula?"

"Mimi. Alfajiri, na njaa sina."

Kivuko kilipogusa Bweni, ng'ambo ya mto, mzee alichagua nazi mbili kikapuni, akampa. "Bado nasema msiwapokee. Lakini mgeni hapikiwi wali usio na nazi."