Gari Letu Linaishi Stanmore: Risala ya Walezi wa Walthamstow kwa Mheshimiwa Diwani Tarsem Singh, Machi 2006

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Tarsem Singh; Mama Josée, mwenyekiti wetu; Baba Padri uliyetuazima ukumbi na kutuomba mara tatu tusimwage soda; wanachama wenzetu; na nyinyi watoto mnaoelewa kila neno mkajifanya hamwelewi:

MAKARIBISHO

Karibu Walthamstow, Mheshimiwa. Umechelewa dakika arobaini na tunakushukuru sana, maana sisi tulichelewa thelathini na tano, kwa hiyo umetukuta tumeshapanga viti na tunaonekana watu wa maana.

Wageni wetu wa miaka iliyopita walikuwa watu wema, ila hawakujua Kiswahili. Tuliwasomea risala, wakatabasamu, wakapiga makofi mahali tulipotaja msiba, wakaondoka na sambusa kwenye karatasi. Wewe umezaliwa Nakuru. Pale mlangoni ulimwambia Mama Josée, “Habari ya siku mingi,” na hapo hapo ukawa umejimaliza mwenyewe. Leo huna pa kujificha.

SISI NI NANI

Umoja huu ulianzishwa mwaka 1998 kwenye kituo cha basi, saa kumi na moja alfajiri, na wanawake watatu waliokuwa wanangoja basi moja lililokataa kuja. Sasa tuko thelathini na mmoja. Wengi wetu tumetoka Kongo ya mashariki, kuna Watanzania, kuna Wakenya, na Mzanzibari mmoja anayesisitiza ahesabiwe peke yake.

Kazi yetu ni kuwahudumia wazee wa jiji hili majumbani mwao. Kampuni hutupa dakika thelathini kwa kila mzee. Ndani ya dakika hizo mzee anatakiwa aamke, aoge, ale, ameze dawa na aonekane amefurahi. Sisi wenyewe tukiwa kwetu, dakika hizo hutuishia kutafuta soksi.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Wanachama tisa wana leseni za udereva. Jean amepata ya kwake kwenye jaribio la sita. Mwalimu wake amestaafu mapema. Tumezika wenzetu wawili kwa heshima na tumewaoza wanne kwa kelele.

Lakini fanikio tunalotaka kukueleza ni gari la umeme, na huwezi kulielewa gari bila kumwelewa mwenye gari. Naye ni Gaudensia, yule wa safu ya pili mwenye kitenge cha kijani, anayetukazia macho ili tuiruke sehemu hii. Hatuiruki.

Miaka miwili iliyopita kampuni ilimtuma Gaudensia Stanmore kwa siku moja tu, kushika nafasi ya mlezi aliyeugua. Karatasi aliyopewa ilisema: mama wa miaka themanini na minne, hali chakula, hasemi, ana hasira. Gaudensia alikwenda akiwa ameshajiandaa kurushiwa kikombe. Alipoinama mlangoni kuvua viatu, alisikia sauti kutoka chumbani ikinung’unika peke yake:

“Chai gani hii? Maji ya kuoshea sufuria yana ladha kuliko hii!”

Gaudensia alibaki na kiatu mkononi. Miaka minne alikuwa ameingia kwenye nyumba za watu London, akatoka, na hakuna siku hata moja aliyokuta ndani mtu anayelalamika kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hulalamikia. Alitaka kulia, akakumbuka dakika ni thelathini.

“Mama,” alisema, “unionyeshe jikoni. Nitaipika upya.”

“Wewe wa wapi?”

“Wa Uvira, Mama.”

“Uvira! Watu wa Uvira nawajua mimi! Walikuwa wanavuka ziwa kuja dukani kwetu Kigoma kununua karabai, wanajaribu moja moja mpaka mafuta ya taa yanatuishia. Tia tangawizi. Usinionee huruma na sukari.”

Huyo ndiye Mama Manjulaben. Kumbe hakuwa bubu wala mkali. Uzee ulikuwa umemnyang’anya Kiingereza, ukamwachia Kigujarati cha watoto wake na Kiswahili cha dukani, na kampuni ilikuwa inamletea watu wa kumwuliza kwa Kiingereza kwa nini hasemi. Siku ile alikula chapati mbili. Mwanawe Praful, anayeishi naye na mwenye duka la vipuri, aliporudi mchana na kukuta sahani tupu, alimpigia Gaudensia simu kuuliza kama chakula kimetupwa.

Kuanzia hapo Mama alikataa mlezi mwingine. Na hapo ndipo balaa la usafiri lilipoanza. Gaudensia anaishi hapa, mwisho kabisa wa njia moja ya treni. Mama anaishi Stanmore, mwisho kabisa wa njia nyingine. Wazee wengine saba wa Gaudensia wako huku kwetu. Kampuni ikasema: mlezi asiye na gari hawezi kushika Stanmore asubuhi na jioni halafu Walthamstow mchana. Nunua gari, au Mama apewe mtu mwingine.

GARI

Sisi tuna mchezo wetu wa kuchangishana pesa na kupeana kwa zamu, ambao Wakongo huuita likelemba. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Armelle, ambaye alishawatangazia watu sofa ya ngozi. Alimpisha Gaudensia. Tunalisema hilo hadharani kwa sababu Armelle ametuagiza tuliseme hadharani.

Hata hivyo haikutosha, mpaka Jean alipoleta kipeperushi: serikali inamrudishia mnunuzi wa gari la umeme sehemu ya bei. Tulidhani ni utapeli. Serikali tunayoijua sisi huandika barua kuomba, si kutoa. Tulisoma kipeperushi mara nne tukitafuta mahali penye ujanja, na tukapapata ukurasa wa mwisho: mwombaji awe na uwanja binafsi wa kuegesha, wenye soketi ya umeme.

Mheshimiwa, Gaudensia anakaa ghorofa ya nne. Jean alijitolea kuteremsha waya dirishani hadi barabarani. Tulijaribu kwa kuchaji simu tu, msimamizi wa jengo akatoka na mkasi. Kumbe msaada huu wa kununulia gari la bei rahisi unatolewa kwa watu wenye nyumba za bei ghali. Tunasema hivyo kwa mapenzi.

Praful ndiye aliyetuokoa. “Dada, lete gari hapa kwangu,” alisema. “Uwanja mkubwa, umekaa na mapipa ya taka tu.”

Basi ikawa hivi. Gaudensia anapanda treni ya kwanza hadi Stanmore, anamwamsha Mama, anachomoa gari kwenye soketi, analiendesha hadi huku kwa wazee saba, jioni analirudisha, anamlaza Mama, analichomeka, anapanda treni kurudi kwake. Gari linalala Stanmore penye maua, mwenye gari analala juu ya duka la kuku wa kukaanga. Tumelizoea. Kila familia ina mmoja aliyebahatika.

CHANGAMOTO

Gari lenyewe ni dogo kiasi kwamba madereva wa mabasi hulipigia honi kwa upole, kama wanavyomfanyia mtoto. Wakati wa baridi mtu huchagua: awashe hita, au afike. Gaudensia huvaa makoti mawili na kufika.

Changamoto kubwa ni fomu ya ruzuku, na hapa tunaungama kosa, kwa kuwa tuliijaza sote, watu kumi na wawili na kalamu moja, nyumbani kwa Mama Josée. Swali la tisa liliuliza: mwombaji ana uhusiano gani na mwenye nyumba?

“Andika mpangaji,” alisema Jean.

“Silipi kodi pale,” Gaudensia alijibu. “Uongo huo.”

“Andika mfanyakazi.”

“Ningekuwa mfanyakazi ningetoka dakika ya thelathini na moja. Jana nimekaa masaa mawili namsuka nywele.”

“Basi andika dada! Si alikufunga kamba?”

Hapo sote tukakubali, maana ilikuwa kweli, isipokuwa aliyefunga ni Gaudensia. Kwa Wahindu kuna siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, na kaka huapa kumlinda. Dada yake Praful, Ushma, yuko Toronto na huutuma uzi kwa posta. Mwaka jana posta ilichelewa. Praful alikaa sebuleni na mkono mtupu, uso umemshuka, mpaka Mama Manjulaben alipogomba kutoka kitandani: “Unalia nini? Dada mwingine si yuko jikoni?” Gaudensia alifuta mikono, akamfunga uzi mwekundu, Mama akawatia wote wawili peremende mdomoni. Mkatoliki wa Uvira, akaingia ukoo wa Manjulaben akiwa na harufu ya vitunguu.

Kwa hiyo aliandika: dada. Na palipouliza anuani ya nyumbani kwa familia, akaandika Stanmore. Hakukuwa na mtu chumbani aliyeona tatizo. Tulimpigia makofi kwa uaminifu wake.

Januari ofisi ya ruzuku ikamtuma kijana mwenye kalamu tatu kukagua soketi. Soketi ilifaulu. Kisha akasimama kwenye mlango wa chumba cha Mama, akamtazama Gaudensia, akaitazama fomu, akamtazama tena.

“Wewe ni dada wa Bwana Praful?”

“Ndiyo.”

“Wa baba mmoja?”

“Hapana.”

“Wa mama mmoja?”

Gaudensia alikuwa anamlisha Mama uji. Angeweza kusema hapana, mambo yakaisha. Lakini angelisemaje neno hilo mbele ya mwanamke aliyeshika kiganja chake? “Mama ni huyu hapa,” alisema. “Umwulize.”

Mama alimkagua kijana toka juu hadi chini, akasema jambo refu kwa Kiswahili. Kijana akaomba tafsiri. Gaudensia hajui kudanganya, ndiyo shida yake. “Anasema umekonda, na kwamba nyumbani kwenu hawakupendi.”

Kijana akaandika. Praful akaja mbio kutoka dukani, akapandisha mkono wa shati na kuonyesha uzi, ambao kwa sabuni za miezi mitano ulikuwa umebaki na rangi ya chai. Kijana akaandika tena. Wiki mbili baadaye barua ilifika, na tunasoma maneno yake yenyewe: “Ushahidi wa undugu uliotolewa: uzi. Hautoshi.” Mwombaji arudishe ruzuku, au akate rufaa.

Tulicheka siku ya kwanza, hatukatai. Siku ya pili Gaudensia alikaa ndani ya gari pale Stanmore, hakuliwasha, akapiga hesabu ya mambo yatakavyokwenda. Ruzuku ikirudishwa, gari linauzwa. Gari likiuzwa, kampuni inampa Mama mlezi mwingine. Mlezi mwingine atamwuliza kwa Kiingereza kwa nini hasemi, na Mama atafunga mdomo, na sahani itarudi jikoni imejaa. Safari hiyo Mama hatafika mbali. Gaudensia hakuhitaji daktari wa kumwambia hilo. Alishika usukani kwa mikono miwili mpaka Praful alipogonga kioo na kumwuliza kama betri imekufa.

MAOMBI

Mheshimiwa, rufaa inasikilizwa Alhamisi, na wewe ni mjumbe wa kamati hiyo. Tunajua si vizuri kukusemesha kuhusu jambo hilo. Ndiyo maana tunakusemesha mbele ya watu tisini na padri, isije ikaonekana rushwa. Zile sambusa tano ulizokwisha kula zilikuwa ukarimu wa kawaida. Tulihesabu kwa kupenda tu.

Ombi la kwanza linaweza kusubiri: utuwekee soketi hata moja kwenye nguzo ya taa ya barabara yetu, ili siku moja gari nalo lije lituone tunakoishi.

Ombi la pili haliwezi kusubiri. Hatukuombi utuamini sisi, na hatukuombi uuamini uzi. Mama Manjulaben hawezi kuja mbele ya kamati. Ngazi tatu za nyumba yake zinamshinda. Tunakuomba uende wewe. Sasa hivi, ukitoka hapa, na Gaudensia. Gari lina viti viwili, hivyo msaidizi wako atabaki nasi na hatatoka na njaa. Mtu wa kilemba itabidi ainame kidogo, utatusamehe.

Ukifika, usimwulize Mama kanuni wala swali la tisa. Kaa kwenye kiti cha pembeni, pokea chai utakayopewa. Mtazame tu anapoisikia sauti ya Gaudensia mlangoni, jinsi anavyosogeza miguu kumwachia nafasi ya kukaa kitandani. Halafu Alhamisi wenzako wakiuliza hawa wawili ni nani kwa mwenzake, waambie ulichokiona kwa macho yako, kwa Kiingereza chako kizuri ambacho Mama hanacho tena.

Mheshimiwa, Mungu, kwa majina yote anayoitwa ndani ya ukumbi huu, akupe afya, akupe kura, akupe taa za kijani njia nzima hadi Stanmore. Awajalie wazee wote wa jiji hili mtu mmoja wa kuwaelewa wanapogomba. Amina kwa wanaosema amina, na wengine mseme mnavyosema.

Ni sisi, Umoja wa Walezi Waswahili wa Walthamstow, na risala imesomwa na Magloire kwa niaba ya wote.

Makofi yawe mafupi, tafadhali. Gaudensia ameshasimama na koti lake la kwanza amelivaa. Chai ya Mama ni saa kumi kamili, uende naye au usiende.